Daktari Spock: kitabu kilicholea mamilioni, na aya moja iliyowalaza watoto kifudifudi

Daktari Benjamin Spock alifariki dunia tarehe 15 Machi 1998 huko La Jolla, katika jimbo la California nchini Marekani, akiwa amebakiza majuma saba tu atimize umri wa miaka 95. Kufikia siku hiyo, nakala za kitabu chake cha malezi zilizouzwa zilikuwa zimekaribia milioni 50, nacho kilikuwa kimefasiriwa katika lugha zipatazo 40. Mwezi Mei wa mwaka huo huo likatoka toleo la saba, ambalo alikuwa ameshiriki kulitayarisha. Humo mzazi anaagizwa amlaze mtoto mchanga chali. Bibi wa mtoto huyo, kama naye alikilea kizazi chake kwa kitabu hicho hicho, alikuwa ameagizwa kinyume chake.

Baina ya maagizo hayo mawili yapo makaburi madogo mengi. Ndiyo sababu maisha ya daktari huyu, ambaye kwa hakika aliwapenda watoto na akapendwa na wazazi kuliko daktari mwingine yeyote wa karne ya 20, yanafaa kusimuliwa tena, na hasa kwa jicho la jambo moja: namna mtoto anavyolazwa usingizini. Vijana wengi siku hizi wakilisikia jina la Spock humkumbuka mhusika wa filamu mwenye masikio yaliyochongoka. Huyo si yeye.

Mtoto wa New Haven

Alizaliwa tarehe 2 Mei 1903 katika mji wa New Haven, jimbo la Connecticut, akiwa kifungua mimba wa familia ya watoto sita. Baba yake alikuwa mwanasheria wa shirika la reli, mtu mpole asiye na maneno mengi. Serikali ya nyumba ile ilikuwa mikononi mwa mama, Mildred, mwanamke mwerevu, mkali, aliyewapenda wanawe bila kuwaonyesha kwamba wanaweza kumshinda kwa lolote.

Mama huyo naye alikuwa na kitabu chake. Kiliandikwa na Luther Emmett Holt, daktari wa watoto aliyekuwa na sifa kubwa New York, na kilitoka mara ya kwanza mwaka 1894. Katika zama hizo madaktari waliamini sana nguvu za hewa safi, na Mildred alilichukua fundisho hilo mpaka mwisho wake: watoto wake walilala katika baraza lisilo na moto, hata katika majira ya baridi, wakati theluji imefunika bustani. Ndizi nazo zilikatazwa utotoni kwa kuhofiwa kwamba zitawadhuru matumbo. Msomaji wa Bukoba, Kampala au Bujumbura na acheke kidogo. Lakini katazo hilo lilifuatwa kwa heshima kubwa, kwa kuwa lilitoka kwa daktari.

Benjamin alikua kijana mrefu mwembamba, akaingia Chuo Kikuu cha Yale katika mji ule ule aliozaliwa. Huko alijiunga na timu ya kupiga makasia, na mwaka 1924 timu yao ya watu 8 ilitwaa medali ya dhahabu katika Michezo ya Olimpiki mjini Paris. Tangu hapo hakuacha kupenda maji na mashua mpaka uzeeni. Akasomea udaktari, kwanza Yale, kisha Chuo Kikuu cha Columbia mjini New York, ambako alihitimu mwaka 1929 akiwa wa kwanza katika darasa lake. Miaka miwili kabla ya hapo alikuwa amemwoa Jane Cheney.

Aliamua kuwa daktari wa watoto, akafungua chumba chake cha matibabu New York mwaka 1933, wakati Marekani imezama katika mdororo mkubwa wa uchumi na wagonjwa wengi hawana fedha. Jambo lililomtofautisha na wenzake ni kwamba alijifunza pia elimu ya nafsi kwa njia ya Sigmund Freud, kwa miaka kadhaa, huku akiendelea na kazi. Aliona kwamba mama anayemleta mtoto kwa ajili ya kikohozi huwa amekuja pia na hofu zake, na kwamba hakuna daktari anayemuuliza juu ya hizo.

Kitabu cha senti 25

Ili kuelewa kwa nini kitabu chake kilipokewa kama mvua baada ya kiangazi, yatupasa kukumbuka vitabu vilivyokitangulia. Wazazi wa Marekani na Ulaya walikuwa wakifundishwa kumnyonyesha mtoto kwa saa, kila baada ya saa nne, hata akilia vipi katikati. John Watson, mwanasaikolojia mashuhuri, aliandika mwaka 1928 akiwaonya wazazi wasiwabusu wala kuwapakata watoto wao ovyo. Mama aliyemwinua mwanawe aliyelia usiku alijiona ametenda kosa.

Spock aliyapindua hayo yote. Kuanzia mwaka 1943, jioni baada ya jioni, alitembea chumbani akitamka, na Jane akachapa kwa taipureta. Jane alifanya zaidi ya kuchapa. Alihakiki, alitafuta taarifa, aliuliza maswali ambayo mama wa kweli angeyauliza. Mchango wake ulisemwa kwa uhaba kwa miaka mingi, naye hakulifurahia jambo hilo. Kazi iliendelea hata Spock alipoitwa katika jeshi la wanamaji mwaka 1944, ambako alihudumu kama daktari wa magonjwa ya akili.

Kitabu kilitoka mwezi Julai 1946. Nakala zenye jalada la karatasi ziliuzwa kwa senti 25, bei ambayo hata mke wa askari aliyerudi vitani angeimudu. Inasimuliwa kwamba mhariri aliyemwendea kumwomba akiandike alimtania kuwa si lazima kiwe kizuri sana, maana kwa bei hiyo kitauzika tu. Katika miezi 6 ya kwanza zilikwisha nakala zipatazo nusu milioni. Vita vimekwisha, vijana wanaoa, watoto wanazaliwa kwa wingi usiopata kuonekana nchini mle, na wengi wa wazazi hao wapya wanaishi mbali na mama zao na bibi zao. Kitabu kikachukua nafasi ya bibi.

Kilianza kwa kumtia mzazi moyo kwamba akili yake mwenyewe yatosha zaidi kuliko anavyodhani. Kilisema mtoto anyonye anapoona njaa, apakatwe anapolia, apendwe waziwazi. Lugha yake ilikuwa ya mazungumzo, faharasa yake ilikuwa ndefu na nzuri, na mama aliweza kukifungua saa nane za usiku, mkono mmoja umembeba mtoto, akapata jibu la upele au la homa. Wapo waliokiita kitabu kitakatifu cha pili cha nyumba.

Kuaminiwa namna hiyo ni mzigo. Spock mwenyewe alilijua hilo kwa kiasi, na ndiyo maana alikirekebisha kitabu chake mara kwa mara.

Aya moja

Ushauri wa kumlaza mtoto kifudifudi uliingia katika chapa za katikati ya miaka ya 1950. Ilikuwa aya fupi. Spock alitoa sababu mbili. Ya kwanza, mtoto aliyelala chali akicheua aweza kupaliwa na kile alichokicheua. Ya pili, mtoto alalaye chali hugeuzia kichwa chake upande mmoja, ule wa katikati ya chumba, na kisogo chake huweza kulalia na kuwa bapa upande huo. Kwa hiyo akaona ni afadhali mtoto azoezwe kulala kwa tumbo tangu mwanzo.

Mtu akizisoma sababu hizo leo, haoni upumbavu ndani yake. Zinaingia akilini. Zilisemwa na mtu msomi, mwema, aliyewatibu watoto kwa miaka zaidi ya 20. Wala hakuwa peke yake: madaktari wengine na vitabu vingine vya tiba vya wakati huo vilisema hivyo hivyo, na katika wodi za watoto njiti wauguzi waliona kwamba mtoto mdogo sana hupumua vizuri zaidi akiwa kifudifudi, jambo ambalo ni kweli kwa mtoto anayeangaliwa na muuguzi na mitambo saa zote. Kilichokosekana ni hesabu. Hakuna aliyewahesabu watoto wa nyumbani waliolala kwa tumbo na waliolala chali, kisha akauliza ni wangapi walioamka.

Au tuseme, aliyeanza kuhesabu hakusikilizwa. Mwaka 1944, Spock akiwa bado anatamka sura za kitabu chake, daktari mwenzake wa New York, Harold Abramson, alichapisha uchunguzi wa vifo vya watoto 139 wa mji ule vilivyodhaniwa kuwa vya kukosa hewa vitandani. Karibu 7 kati ya kila 10 walikutwa wakiwa kifudifudi. Mwaka uliofuata daktari mwingine alipinga kwamba mtoto mzima wa afya aweza kukosa hewa kwa matandiko tu, na mjadala ukafifia. Wazazi waliofiwa walipumua kidogo, kwa kuwa walikuwa wakishukiwa. Lakini swali la namna ya kulala lilizikwa pamoja na tuhuma hiyo.

Kifo cha ghafla cha mtoto usingizini si jambo la juzi. Kitabu cha Wafalme kinamtaja mwanamke aliyemlalia mwanawe usiku, na kesi yake ikafika mbele ya Mfalme Suleimani. Kwa karne nyingi mama ndiye aliyelaumiwa. Mtoto wa miezi miwili, mitatu au minne ananyonya vizuri jioni, analazwa bila homa wala kikohozi, na alfajiri anakutwa amepoa. Daktari anapasua maiti na haoni ugonjwa. Mwaka 1969, katika mkutano wa kimataifa wa madaktari mjini Seattle, hali hiyo ilipewa jina lake rasmi la kitabibu, ambalo kwa Kiswahili twaweza kuliita kifo cha ghafla cha mtoto mchanga. Jina hilo liliwaondolea wazazi wengi aibu.

Mahakamani na majukwaani

Katika mwaka huo wa 1969, Spock alikuwa na shughuli nyingine kabisa. Tangu mwaka 1962 alikuwa amejitosa katika harakati za kupinga majaribio ya silaha za nyuklia, kwa hoja kwamba haina maana kumkinga mtoto na surua kisha kumwachia mionzi katika maziwa. Vita vya Vietnam vilipopamba moto, alisimama mbele ya maandamano akiwa amevaa suti na tai, urefu wake wa karibu mita mbili ukimfanya aonekane kutoka mbali. Vijana waliokuwa wakipelekwa vitani walikuwa ndio watoto waliolelewa kwa kitabu chake.

Mwaka 1968 alishtakiwa mjini Boston pamoja na wenzake wanne kwa kula njama ya kuwashawishi vijana wakatae kuandikishwa jeshini. Akahukumiwa kifungo cha miaka 2. Mwaka uliofuata mahakama ya rufaa iliibatilisha hukumu hiyo, na hakuingia gerezani. Wapinzani wake wa kisiasa walidai kwamba kizazi kizima kimekuwa cha kaidi kwa sababu ya malezi yake ya kudekeza. Madai hayo yalikuwa mepesi. Aliyekisoma kitabu anajua kwamba hakuwahi kufundisha mtoto aachiwe afanye apendavyo. Mwaka 1972 aligombea urais kwa tiketi ya chama kidogo cha mrengo wa kushoto, akapata kura zaidi ya 78,000 katika nchi nzima.

Wanaharakati wa haki za wanawake nao walimkosoa kwa kuandika kana kwamba malezi ni kazi ya mama peke yake. Hapo alisikiliza. Toleo la mwaka 1976 lilirekebishwa, na baba akapewa sehemu yake. Mwaka huo huo yeye na Jane walitalikiana baada ya ndoa ya miaka karibu 50, naye akamwoa Mary Morgan.

Nimeyataja haya kwa kifupi kwa sababu moja. Mtu huyu hakuwa mkaidi. Alibadili mawazo hadharani mara nyingi, na alikubali kufungwa kwa ajili ya maisha ya vijana asiowajua. Lakini aya ile ya kulala kifudifudi haikuwa na mwanaharakati wa kuipigia kelele. Watoto waliohusika hawakuwa na sauti, na wazazi wao walikuwa wameambiwa kwamba hakuna sababu inayojulikana.

Hesabu iliyochelewa

Takwimu zilikuwa zikikusanyika polepole katika majarida ya kitabibu. Uchunguzi mmoja ulichapishwa Uingereza mwaka 1965, mwingine ukatoka Ireland ya Kaskazini mwaka 1970. Kila mmoja uliwalinganisha watoto waliofariki na watoto hai wa umri wao. Ukiutazama mmoja peke yake, unaweza kusita. Ukiiweka pamoja, inaonyesha kwamba kulala kifudifudi kunaongeza hatari. Hakuna aliyeiweka pamoja.

Badala yake ushauri ulisambaa. Uholanzi, ambako watoto walikuwa wakilazwa chali au ubavu, madaktari waliwageuza watoto kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1970, na vifo vya ghafla vikapanda. Huko Hong Kong, ambako wazazi wa Kichina waliendelea na desturi yao ya kumlaza mtoto chali, daktari mmoja aliandika mwaka 1985 akishangaa jinsi vifo hivyo vilivyokuwa adimu katika mji uliojaa watu na nyumba finyu. Katika mji wa Adelaide, Australia, Daktari Susan Beal alikuwa akizitembelea nyumba za wafiwa moja baada ya nyingine, akiuliza mtoto alilazwaje na alikutwaje. Ni kazi inayohitaji moyo mgumu na mpole kwa wakati mmoja. Alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuwaambia wazazi wazi kwamba wasiwalaze watoto kwa tumbo.

Uholanzi iligeuza ushauri wake mwaka 1987. New Zealand na Uingereza zikafuata mwaka 1991, baada ya uchunguzi mkubwa uliofanywa katika nchi hizo. Chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kilitoa ushauri mpya mwaka 1992, na kampeni ya taifa ikaanza mwaka 1994. Mwaka 1992, watoto wapatao 70 kati ya kila 100 nchini Marekani walikuwa wakilazwa kifudifudi. Kufikia mwaka 1996 walikuwa 24. Vifo vya ghafla, ambavyo mwaka 1992 vilikuwa karibu 4,900, kufikia mwaka 2001 vilikuwa kama 2,200. Uingereza navyo vilipungua kwa zaidi ya nusu ndani ya miaka michache. Hapakuwa na dawa mpya, wala chanjo, wala mashine. Mtoto aligeuzwa tu.

Spock aliyaona hayo katika miaka yake ya mwisho. Hakuishi kuiona hesabu ya jumla. Mwaka 2005, watafiti wa Uingereza waliokusanya tafiti zote za zamani walionyesha kwamba ushahidi wa kutosha ulikuwapo tangu mwaka 1970, na wakakadiria kwamba kama ungetazamwa kwa utaratibu wakati huo, vifo zaidi ya 10,000 nchini Uingereza, na visivyopungua 50,000 katika Ulaya, Marekani, Australia na New Zealand, huenda vingezuilika. Haifai kumtwisha Spock idadi hiyo peke yake. Alikuwa sauti moja katika kwaya. Lakini ilikuwa sauti iliyosikika kuliko zote. Daktari Mwingereza Iain Chalmers, mmoja wa waasisi wa mtandao wa Cochrane unaochambua tafiti za tiba, amesimulia hadharani kwamba alipokuwa kijana alikinunua kitabu cha Spock, akaiamini aya ile, na akaipitisha kwa wazazi.

Koo, kisogo na kitanda kimoja

Sababu mbili za Spock zina majibu, na wazazi wa kwetu nao wanastahili kuyajua, kwa kuwa hofu ya mtoto kucheua na kupaliwa inasikika katika kila kliniki ya watoto kuanzia Mombasa hadi Bukavu.

Bomba la hewa liko mbele ya umio, yaani njia ya chakula. Mtoto akilala chali, bomba la hewa huwa juu na umio huwa chini yake. Maziwa yanayorudi kutoka tumboni yatalazimika kupanda ili yaingie njia ya hewa, na mtoto mwenye afya huyameza au kuyakohoa. Akilala kifudifudi mpangilio hupinduka: njia ya hewa ndiyo inayokuwa chini. Isitoshe, uso uliozama katika godoro laini huvuta tena hewa uliyokwisha kuitoa, mwili hupata joto kupita kiasi, na usingizi wa kifudifudi huwa mzito hivi kwamba mtoto haamki kwa wepesi pumzi inapopungua. Ubavu nao haufai, maana ni rahisi mtoto kubiringika akaishia kwa tumbo.

Kuhusu kisogo, dawa yake ni kumlaza mtoto kifudifudi akiwa macho, mtu mzima akiwa karibu anamtazama, mara chache kila siku. Shingo na mabega hupata nguvu. Na mtoto anayebebwa mgongoni kwa kanga au kitenge nusu ya mchana hana kisogo cha kulaliwa kutwa. Hofu hiyo ya Spock ilikuwa ya nyumba zenye vitanda vingi na migongo michache.

Kitanda ni suala gumu zaidi. Katika nchi nyingi za Afrika Mashariki na Maziwa Makuu, mtoto hulala na mamaye, chini ya chandarua kimoja, ananyonya usiku bila taa kuwashwa. Kunyonyesha kwenyewe kunapunguza hatari ya kifo cha ghafla. Madaktari wa Marekani wanashauri mtoto alale chumba kimoja na wazazi lakini juu ya tandiko lake mwenyewe, gumu na bapa, lisilo na mto, blanketi zito wala mwanasesere, angalau kwa miezi 6 ya kwanza. Wataalamu wa Uingereza, wakijua kwamba wazazi wengi watalala na mtoto wakipenda wasipende, wamechagua kusema wazi ni wakati gani kitanda kimoja huwa hatari kubwa: mzazi anapokuwa amekunywa pombe au dawa ya usingizi, anapovuta sigara, mtoto anapokuwa njiti au amezaliwa na uzito mdogo. Kusinzia na mtoto juu ya kochi ni hatari kuliko yote, hata kwa mzazi asiyeonja kileo.

Wamaori wa New Zealand, ambao watoto wao walifariki kwa wingi kuliko wa jamii nyingine nchini mwao na ambao hawakutaka kuacha desturi ya kulala na watoto, mwanzoni mwa karne hii walianza kusuka vikapu vya kitani vya kumlazia mtoto, ambavyo huwekwa kitandani pa wazazi. Mtoto yuko karibu na titi, lakini hakuna bega wala blanketi linaloweza kumfunika. Wasusi wetu wa ukindu wangekielewa kikapu hicho kwa kukitazama mara moja tu.

Na mtoto anapofikia umri wa kujigeuza mwenyewe, kutoka chali hadi kifudifudi na kurudi, hakuna haja ya mama kukesha akimgeuza. Alazwe chali anapoanza usingizi, akijigeuza, aachwe.

Miaka ya mwisho

Spock aliishi uzeeni sehemu ya mwaka katika mashua, akipiga makasia hata baada ya kuvuka miaka 80. Afya ilipomsumbua alifuata mlo usio na nyama wala maziwa, na akaingiza ushauri huo katika toleo la saba, jambo lililowaudhi baadhi ya madaktari wenzake. Gumzo kubwa juu ya toleo hilo lilipotoka lilikuwa ni maziwa ya ng'ombe. Mabadiliko ya kulala chali hayakuzua ubishi wowote. Kufikia wakati huo karibu kila kliniki nchini Marekani ilikuwa ikisema hivyo.

Kitabu kimeendelea kuchapishwa kwa mkono wa madaktari wengine. Toleo la 10 lilitoka mwaka 2018, miaka 20 baada ya kifo chake, jina lake likiwa bado kwenye jalada. Kuhusu usingizi wa mtoto mchanga, linaagiza alazwe chali.